Nilifunga Mlango, Kumbe Ukuta Bado

Bamama wa kwaya, leo nimeaibika. Nimeaibika mbele ya Mzee mmoja, masoni mmoja na mnyama mmoja, na huyo mnyama ndiye alikuwa na adabu kuliko sisi wote.

Naandika mwenyewe, kwa mkono wangu, kabla habari haijavuka mpaka bila mimi. Maman Furaha, yule wa mchele, kesho anapanda kwenda mpakani Rusizi ya Kwanza, atawafikishia barua hii Bukavu. Someni polepole. Darasa langu lilikuwa la tatu tu.

Mnajua niko wapi. Niliacha vilima nikashuka Muganza, huku Rwanda, kwenye tambarare, ambako jua linapiga mpaka mjusi anainua mguu mmoja mmoja. Wakati huu wa kiangazi udongo umepasuka kama kisigino changu. Masoni wangu, fundi wa kujenga, Papa Dezire, anapaita jangwa. Siku ya kwanza aliniambia, "Maman, batu banajenga karibu na barabara. Weye unakuja kujenga jangwani."

Nikamwambia jangwani ndipo wana wa Israeli walipokula bila kulima. Akachukua kamba yake akaanza kupima.

Lakini niseme ukweli, nimepapenda. Asubuhi ukungu unatoka mtoni unatembea chinichini, kama mtu anayetafuta sindano. Jua likitoka unakwenda, na milima ya Congo inabaki ng'ambo, ya bluu, na mimi najiambia Bukavu iko nyuma ya ule wa tatu (sijui kama ni kweli, nimeamua tu). Misambi, wale ndege wenye taji, wanakuja wawili wawili kucheza kwenye nyasi kavu, na hakuna anayewapigia ngoma. Na kwenye matete kuna ndege wadogo wa manjano. Dume linasuka kiota, jike linakuja kukagua. Likikataa, dume linabomoa na kuanza upya, kimya. Nikamwonyesha Papa Dezire. "Tazama masoni mwenye heshima."

Nyumba yangu kwa sasa ni majivu. Niliichora mwenyewe kwa majivu ya jikoni: salo ya wageni hapa, chumba cha kulala hapa, jikoni pale, na baraza kule, la kuangalia mto. Sikutaka nyumba ya kupangiwa na muntu. Maisha yangu yote nimelala pale vita iliponisukuma. Hii nilitaka ikae pale mimi nilipoonyesha kidole.

Kitu kimoja tu ndani yake ni cha kweli: mlango. Ni ule mlango wangu wa Bukavu, mnaujua, mmeupigia hodi. Vita ya kwanza ilichukua mabati, ya pili ikachukua kuta, na mlango ukabaki umesimama na komeo lake, kama mlinzi ambaye hakuambiwa kazi imekwisha. Nikautoa. Nikavuka nao darajani, mchukuzi ameubeba kichwani. Askari wa mpakani akaniuliza, "Mlango wa nini, mama?"

"Wa nyumba."

"Nyumba iko wapi?"

"Ndiyo naenda kuitafuta."

Akanipisha.

Hapa Muganza tuliusimamisha mahali pake kwa miti miwili. Jangwa lote, na mlango mmoja. Nikaweka sheria: hakuna muntu anayeingia kwangu kwa ukuta. Papa Dezire akikanyaga majivu, namrudisha.

"Zunguka."

"Maman, hapa hakuna kitu."

"Kuna ukuta. Zunguka, piga hodi."

Anazunguka, anapiga hodi, namfungulia. Jioni nilikuwa nakaa salo juu ya jiwe, mlango wazi, na mto unapita pale katikati ya fremu, mwekundu kidogo, na yangeyange wanarudi kulala. Sikuona joto tena. Nilikuwa nimeshahamia.

Kilichokosekana ni maji. Tofali za udongo zinakunywa kuliko ng'ombe, na mto uko mbali kwa magoti haya. Kwa hiyo nikaanza kungoja mvua. Nikapanga mabeseni salo, na pipa moja kwenye kona.

Wiki mbili zilizopita akaja jirani yangu, Mzee Sebahire, mwenye shamba la mpunga huko chini. Hajui Kiswahili. Mimi Kinyarwanda changu mnakijua: nilizaliwa Congo, nilikipata kwa mama kama mtu anayepata nguo ya dada yake, inakaa lakini si yako. Lakini nimerudi kwetu, na mtu aliyerudi kwao haombi kutafsiriwa. (Kiburi hicho, kiwekeni pembeni. Tutakihitaji.)

Mzee akaangalia majivu yangu, akaniambia hapa ni njia ya imvubu.

Mimi nikasikia imvura. Imvura ni mvua, hiyo naijua. Imvubu ni kiboko, na hiyo nimeijua leo asubuhi. Kwa Kiswahili mvua inakuja na kiboko anakuja, mtu anashtuka mapema. Kinyarwanda hakina huruma hiyo. Vyote viwili vinakuja sawasawa.

"Najua," nikamjibu. "Ndiyo maana nimepachagua."

Mzee akaangalia tena majivu. "Unaitaka?"

"Naingoja tangu mwezi jana. Nimeitegea mabeseni."

"Mabeseni."

"Na pipa. Ikija ndogo, mabeseni. Ikija kubwa, pipa."

"Inakuja kwa kishindo, Mukecuru." (Mukecuru ni bibi kizee, kwa heshima.)

"Hiyo ndiyo naipenda. Nikiisikia juu ya mabati, nalala kama mtoto."

"Juu ya mabati," akasema Mzee. "Huko Congo mliishi nayo?"

"Ilikuwa inaingia mpaka chumbani. Tunasogeza kitanda, tunaendelea kulala."

"Na mume wako?"

"Marehemu? Yeye ikianza tu anavua shati, anatoka nje kuoga nayo."

Mzee akavua kofia. Akaaga, akaondoka kinyumenyume.

Tangu siku hiyo majirani walinisalimu kwa mikono miwili. Mama mmoja aliniletea mtoto nimguse kichwa. Nikafikiri ni mvi zangu.

Sasa leo. Leo Papa Dezire alikuwa achimbe msingi. Msingi ukichimbwa, neno limekwisha, nyumba inakaa hapo mpaka nife. Nililala na furaha hiyo kwenye kibanda changu cha shitingi (lile turubai la wakimbizi, tunaachana nalo polepole), ambacho nimekisimamisha ndani ya mistari ya chumba cha kulala, kwa sababu mtu analala chumbani.

Saa kumi na mbili, ukungu mzito. Nimevaa kitenge kimoja, kichwa wazi. Nasikia Mzee anaita kutoka shamba la mpunga: "Mukecuru! Imvubu! Imvubu iraje!"

Inakuja. Na nyuma ya sauti yake nikasikia ngurumo, gu-gu-gu. (Lilikuwa debe. Alikuwa anapiga debe kumfukuza. Mimi nikasema radi, asante Mungu.) Hata udongo ulitetemeka kidogo chini ya miguu.

Nikachukua beseni moja la akiba, nikapita salo taratibu, maana mvua ya kwanza ya nyumba haipokelewi mbio. Nikafika mlangoni, nikavuta komeo, nikafungua mpaka mwisho. Nikanyoosha mikono, beseni liko kwenye mkono mmoja, nikasema kwa ile sauti mnayonikataza kwenye kwaya:

"Karibu! Ingia, baraka, tumekungoja sana!"

Baraka ilikuwa hatua sita kutoka kwangu. Ilikuwa na masikio madogo, na mpunga wa Mzee ukining'inia mdomoni. Ukungu ulikuwa unaizunguka tumboni, na kwa nusu dakika, bamama, ilikuwa nzuri. Nyeusi, imelowa, inang'aa kama chungu kipya. Macho yake hayakuwa mabaya. Yalikuwa ya mtu anayepita zake na ghafla anakaribishwa mezani.

Mimi nimekimbia vita mbili. Najua kukimbia. Leo sikukimbia. Nilifanya kile ambacho kule Bukavu sikupata nafasi ya kukifanya: nilifunga mlango. Nikasukuma komeo. Nikaweka mgongo kwenye mbao, nikakaza miguu, beseni nikalivaa kichwani. Nikapumua. Nikajiambia, uko salama, uko ndani.

Akapiga hodi. Yaani pua yake iligusa mbao, mara moja, kwa upole.

"Hakuna muntu hapa," nikamjibu. Kwa mazoea.

Papa Dezire alikuwa amefika na jembe lake. Nikamwona amesimama juu ya kichuguu, upande ule wa jikoni.

"Maman," akaniita, "kimbia."

"Siwezi, nimeshika mlango."

"Maman." Sauti yake ilikuwa ile ya kumwambia mtu habari ya msiba. "Maman, ukuta bado."

Nikageuza shingo kushoto. Kiboko alikuwa amezunguka, kama ninavyowaambia watu wazunguke. Alikuwa anavuka majivu, mguu mmoja ndani ya salo, kichwa kiko sawa na bega langu. Tukatazamana. Mimi na komeo langu, yeye na nchi yote upande wa kulia na upande wa kushoto.

Hapo nikakimbia. Nikapita kwenye ukuta wa jikoni, mimi mwenyewe, mwenye sheria. Papa Dezire alinivuta juu ya kichuguu akiwa anasema, lakini kwa sauti ndogo, "Zunguka, Maman. Piga hodi."

Kiboko hakutufuata hata kwa macho. Alikanyaga mabeseni mawili, akalitazama pipa akaliacha, akaenda moja kwa moja mpaka jiwe langu la kukalia. Pale akageuka. Mkia wake ukaanza kuzunguka kama mkono wa mtu anayepepeta mpunga, na mnajua kiboko anavyorusha mavi kwa mkia huo. Salo yote. Kuta zote nne ambazo hazipo. Mlango, upande wa ndani. Kisha akaingia chumbani, akachukua shitingi yangu kichwani kama bibi harusi, akaenda nayo kwenye ukungu, kuelekea kona ya pili ya mto.

Papa Dezire akashusha pumzi. "Plasta ya kwanza imeshapigwa."

Mzee Sebahire akafika mbio na debe lake. Alinitazama, kitenge kimoja, beseni kichwani, juu ya kichuguu.

"Mukecuru, umeiogopa?"

"Nani ameogopa?"

"Ulisema mume wako alikuwa anavua shati anaoga nayo."

Nikashuka. Nikamwuliza polepole, "Mzee, maji yanayotoka juu mnayaitaje?"

"Imvura."

"Na yule aliyepita?"

"Imvubu."

"Rudia."

Akarudia. Kisha nikamwona anaanza kukumbuka mazungumzo yetu, neno moja moja, kuanzia mabeseni. Alipofika kwenye mabati, midomo ikaanza kucheza. Alipofika kitandani, akakaa chini akalia kwa kucheka, debe limeviringika huko. Alikuwa amekaa juu ya ukuta wangu. Sikumwambia azunguke.

Alipopata pumzi akaniomba msamaha, maana ameshakisimulia kijiji kizima habari za mume wangu. Mume wangu, aliyekuwa anaogopa bata.

Papa Dezire akauliza kama achimbe. Hapo ndipo palikuwa pagumu, bamama. Nilisimama salo, kwenye ule uchafu, nikaangalia mlango. Nilijua kabisa nataka nyumba iwe hapo na si kwingine. Nikamwuliza Mzee mnyama huyo anapita hapo tangu lini.

"Kabla ya baba yangu," akasema. "Watu walikimbia, wakarudi, wengine nao wakakimbia. Yeye anapita tu."

Kisha nikamwambia Papa Dezire ashike mlango upande wa juu, Mzee ashike katikati, mimi komeo. Tukaubeba hatua thelathini, mpaka kwenye kile kimwinuko chenye mijusi ya kichwa cha bluu. Nikachora tena kwa majivu mapya, salo, chumba, baraza. Mlango bado unaangalia mto. Ila sasa kati ya baraza na mto iko njia yake, wazi, na nitakuwa nakaa nikimwona akipita asubuhi na majani yake mdomoni. Msingi umeanza kuchimbwa saa nane. Nasikia jembe wakati naandika haya, na misambi wamerudi, wanacheza pale palipokuwa salo yangu.

Kuosha ule mlango ni habari nyingine, sitaiandika.

Mvua haijafika. Kuanzia leo mtu akinijia na neno linaloanza na imvu-, namwomba alimalize kwanza, ndipo nifungue.