Kofia Niliyomwazima Bi Alawiya

Jumamosi, 1 Novemba 2025

Alhamdulillahi kwa afya, kwa chai ya tangawizi, na kwa kuwa Razan bado hajampa mtu jibu. Posa yangu imefika kwa shangazi yake, Bi Huwaida wa Siyu. Ya Mahir pia imefika. Mahir! Mwenye mashua ya kuvusha wageni wa uwanja wa ndege wa Manda, na meno kama ya tangazo la dawa ya mswaki. Mimi nina viti vya kukodisha, mikeka na spika mbili. Arusi gani hapa kisiwani Amu imefana bila viti vyangu? Lakini mtu haposi kwa kiti.

Razan ni mjane, mshona kofia. Tangu mumewe afariki hakuna aliyemsikia akicheka. Ili nipate japo salamu yake ya mlangoni nimenunua kofia mpaka sanduku halifungiki. Kichwa changu ni kimoja.

Jumapili, 2 Novemba

Bi Huwaida amewasili kwa arusi ya mjukuu wake, Nusra. Jibu la posa atalitoa arusi ikiisha. Mpango wangu ulikuwa safi: niwahi gatini, nimbebee mizigo, aone mgongo wa mwanamume.

Nikawahi. Nikakohoa, nikatoa hotuba fupi, nikachukua mkoba wake kwa madaha. Mguu wa kushoto ukakanyaga ngazi yenye mwani. Chubwi! Mkoba sikuuachia, tulizama nao wote wawili. Aliyenivuta kwa ukosi ni nani? Mahir! Akaniambia pole Bwana Gharib, kwa sauti ya kusikika mpaka sokoni.

Bi Alawiya aliona yote, maana alikuja kumpokea mgeni. Huyu ndiye yule mwigizaji wa filamu za zamani. Pwani nzima ilimlilia. Kila filamu alikufa: mara kwa sumu, mara kwa kifua, mara kwa mapenzi tu. Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akimwona anaingia tu anaanza kutafuta leso. Sasa ana mvi, lakini uso ni ule ule wa msiba. Aliniangalia nikichuruzika maji, hakucheka. Aliniangalia kwa makini sana. Nashukuru, nimepata mtu mmoja wa kunihurumia.

Jumatatu, 3 Novemba

Nimeamka na fikra! Alhamisi ni karamu ya wanawake ya arusi hiyo, na Bi Alawiya ameombwa aigize. Wanaume hawaingii. Ndiyo ada, nami si mtu wa kuvunja ada. Lakini je, maneno yangu yakiingia kwa kinywa chake?

Nimeandika mchezo. Mjane mshona kofia anamkataa mwanamume mwema mwenye viti na spika. Anajuta. Anakufa. Majina nimeyabadilisha, mtu asije akashuku. Razan atalia, Bi Huwaida atalia, nami nitapewa jibu kabla leso hazijakauka.

Nimempelekea Bi Alawiya, karatasi nimezifunga kwa utepe. Akaniambia kwamba maisha yake yote aliwaomba wakubwa wa filamu wampe japo sehemu moja ya kuchekesha. Walimjibu uso wake ni wa kuzikia watu. "Nimewaliza watu ujana wangu wote, Gharib. Kabla siyafa kweli nataka wateke, wateke hata mbavu ziwaume." Masikini, na uzee huu bado anataka kuchekesha. Nikamwambia kila mtu na riziki yake, na yeye yake ni machozi. Akanishukuru. Kisha akaomba nimsimulie tena nilivyoanguka gatini. Polepole. Na ni mguu upi.

Jumanne, 4 Novemba

"Ewe Gharib, ndoo!" Bi Alawiya kaniita nije kwake, kutoka dirishani, mbele za watu. Heshima iliyoje! Amenitaka nitembee uani kwake, niende, nirudi. Nikae. Nipanguse jasho. Nitoe hotuba niliyomtolea Bi Huwaida, pamoja na kile kikohozi changu cha kuanzia. Nikakohoa mara kadhaa, maana alitaka akisikie vizuri.

Akaomba nimwazime kofia, kikoi na bakora. Nimempa kofia iliyo bora kuliko zote, kazi ya mikono ya Razan mwenyewe. Nimemwelewa. Msanii mkubwa hawezi kumwigiza mjane bila kumjua sana mwanamume anayeliliwa.

Njiani nikapishana na Mahir amebeba nguru mzima, ampelekee Bi Huwaida. Nimemwonea huruma. Samaki huliwa akaisha.

Jumatano, 5 Novemba

Bi Huwaida ametuma neno. Kanga zake bado zinanuka mwani. Tena yule nguru alikuwa mtamu.

Naogopa. Nalisema hapa kwa kuwa hapa hapasomwi na mtu. Nyumba yangu ina viti kuliko nyumba yoyote ya Amu, na hakuna anayekaa. Razan akisema la, nitakula peke yangu mpaka nizikwe. Ya Rabbi, Bi Alawiya afe vizuri kesho.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimefunga spika adhuhuri, nikafukuzwa kabla ya alasiri. Nikakaa kwenye baraza ya jirani kulinda jenereta.

Kwanza kimya. Kisha kikohozi. Kikohozi changu hasa! Hapo wakaanza. Kilio cha namna ile sijapata kukisikia hata msibani. Wengine mayowe. Mwengine anapiga sakafu kwa viganja. Sauti moja inaomba, "Basi, Bi Alawiya, basi, utatuua!" Kikafuata kishindo cha mtu kuanguka. Mjane amekufa, nikajua. Kilio kikaanza upya. Hata mimi machozi yalinitoka, na mimi ndiye mwandishi.

Walipotoka, wanja ulikuwa umewachafuka machoni. Kila aliyenipita alijiziba mdomo kwa buibui, mabega yakimtikisika. Nimeinamisha kichwa kuwapa pole. Mabega yakazidi.

Ijumaa, 7 Novemba

Baada ya sala Bi Alawiya amenirudishia kofia, kikoi, bakora na mchezo. Utepe umefungwa vile vile nilivyoufunga mimi. Ndio wasanii wa zamani hao, wanavyoyatunza maandishi ya mtu!

Ule uso wa msiba leo uling'aa kama wa bibi arusi. Alisema jana ndiyo siku aliyoingoja tangu usichana wake, na kwamba hisani yangu hataisahau. Akaniombea Mola anipe nitakacho. Akaniomba radhi pia. Sikujua ni kwa lipi, lakini nimemsamehe. Nilipofika nyumbani nililia kidogo. Kumbe hata mimi naweza kumfaa mtu.

Jumamosi, 8 Novemba

Bi Huwaida ameniita. Nikapita mbali na gati kwa tahadhari.

Amenieleza kwamba Razan aliijua kofia kwa mishono yake, hata kabla Bi Alawiya hajafungua kinywa. Bila shaka mjane wa mchezo wangu alikuwa ameikumbatia. Akasema ni Razan aliyepiga sakafu. Hajawa vile tangu mumewe afariki, na jana ameamka anaimba. Kisha akataja mkoba. Yeye mwenyewe siku ile alikuwa ameziba macho, hakujua. Bi Alawiya ndiye aliyewaonyesha: mtu kazama mpaka kofia, mkono bado umeushika, hauachii. "Mkoba wangu hakuuwata," amesema Bi Huwaida. "Razan asema mtu wa namna hiyo ndiye. Amekubali."

Amekubali!

Nimesujudu palepale. Kweli mkoba haumo katika mchezo wangu. Bi Alawiya atakuwa ameuongeza mwenyewe. Nimemsamehe na hilo.

Kabla sijatoka Bi Huwaida akaniomba nitembee kidogo, niende mpaka mlangoni nirudi. Nikatembea. Nikakohoa pia, kwa heshima. Nyuma ya pazia nikasikia kile kilio cha Alhamisi, safari hii cha mtu mmoja. Masikini Razan, mchezo wangu bado unamliza. Nitamliwaza maisha yangu yote.

Mahir amenipongeza, na mashua yake itawaleta wageni wa Siyu bure. Mungu ambariki. Akaniuliza siri. Nikamwambia: mwanamke halainiki kwa samaki wala kwa meno, mlize. Kisha nikaketi kuandika mchezo wa siku ya arusi yetu. Bi Alawiya atakufa mara mbili, na mimi nitaigiza mwenyewe, kwa kuwa mwendo wangu unawagusa watu. Sitaki mtu hata mmoja aondoke na macho makavu.