Mtu wa Kabichi katika Sehemu ya Tisa

Jumatatu, 14 Julai

Jana nilionekana kwenye televisheni! Sehemu ya tisa ya tamthilia ya Pazia la Ukungu, ile iliyopigwa picha kule milimani Mgeta. Mhusika mkuu analia njiani, nyuma yake anapita mtu na tenga la kabichi. Mtu huyo ni mimi. Wengine wangepita tu. Mimi nilipita kwa hisia.

Mwanvita, msichana ninayemposa, kanipongeza. Mama yake, Bi Maimuna, kasema hakuona mtu, kaona kabichi. Kaongeza kwamba barua yangu ya posa haijibiwi mpaka Mzee Ahmadi ashuke kutoka Kinole Jumapili. Huyo ni mjomba wa Mwanvita, na kwetu Waluguru baba anakaribisha wageni, mjomba ndiye anayeamua. Ni mwalimu mstaafu, eti haamini kitu asichokisoma.

Basi atanisoma! Nimefungua akaunti kwenye kamusi elezo ya mtandaoni. Naandika makala ya sehemu ya tisa, nami nimo ndani.

Jumanne, 15 Julai

Makala imekwisha. Ndefu, tamu. Nimesimulia kipindi chote, hadi mbwa aliyepiga chafya. Kuna kichwa kidogo kizuri: "Mtu wa Kabichi na Maana Yake". Nimeandika kwamba taifa zima lilishusha pumzi nilipopita. Mwanvita kauliza nimejuaje. Nikamwambia mimi mwenyewe nilishusha, na mimi ni sehemu ya taifa.

Mwisho nimeweka jina langu kamili. Kazi nzuri haifichwi.

Abdulswamad muuza vipuri, ambaye naye anamtaka Mwanvita, kapita kwenye meza yangu ya makava ya simu. Kaja kunikumbusha kwamba jina lake lilitokea mwisho wa kipindi, kwa kuwa aliwabebea waigizaji soda. Langu halikutokea. Kavimba kweli. Mtu wa soda!

Jumatano, 16 Julai

Makala imeondolewa! Kuna mhariri anajiita Karafuu Kavu. Kaniachia maelezo kama ya baba mkwe. Kwamba sehemu moja ya tamthilia haipewi makala yake kwa sababu tu ilirushwa hewani; lazima watu wasiohusika nayo wawe wameiandika. Kwamba muhtasari wa hadithi uwe mfupi, msomaji hakuja kutazama kipindi upya kwa maandishi. Kwamba nieleze kilivyotengenezwa na watu walivyokipokea. Kwamba mtu hajiandiki mwenyewe. Tena, kwa herufi nzito: leta vyanzo huru vya kuaminika.

Nimemjibu. Nimemwambia yeye ni karafuu iliyonyeshewa mkekani, haina harufu wala mnunuzi. Nimejisikia vizuri mpaka mchana.

Anataka vyanzo? Atavipata. Kesho Mgeta.

Alhamisi, 17 Julai

Mgeta. Baridi ya kung'oa masikio. Nimeshuka kwenye lori la mboga na begi langu, nikawaamkia wazee, kisha nikatangaza kwa sauti ya kiofisi kwamba nimekuja kukagua vyanzo.

Mmoja akabeba jembe akaondoka. Mwingine akakumbuka ana mgonjwa. Nikatazama bondeni: watu wanang'oa kabichi changa kando ya kijito, mbio mbio.

Nilisahau! Huku milimani chanzo ni cha maji. Mtu wa mjini mwenye begi akiulizia vyanzo, amekuja kuwafukuza waliolima karibu navyo.

Mama Theresia, mwenye shamba walilopigia picha, kanijia juu. Kasema kabichi zile bado zinanyonya, je, sina hata huruma? Nikaeleza kwamba natafuta mtu aliyeandika kuhusu kipindi. Akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akanishika mkono hadi bondeni, tukazipanda tena zote zilizong'olewa. Mgongo wangu!

Kanifungashia vitunguu kwa ukurasa wa gazeti. Juu yake kuna uchambuzi wa sehemu ya tisa, namna wakulima walivyowafundisha waigizaji kushika jembe. Nimeusoma wote. Sijatajwa. Ukurasa hauna maana.

Jumapili, 20 Julai

Mzee Ahmadi kashuka na kiroba. Nyumba nzima inanukia karafuu. Nimemwamkia, kaitikia marahaba, kavaa miwani, katoa simu. Akasoma mbele ya wote: "Wewe ni karafuu iliyonyeshewa mkekani."

Karafuu Kavu ndiye yeye! Nilitamani ardhi ipasuke. Bi Maimuna kaomba arudie. Abdulswamad, aliyejileta eti kupanga viti, kacheka mpaka kaangusha kimoja.

Mzee kasema hana kinyongo. Ila posa yangu ina kasoro ileile ya makala: anayenisifu ni mmoja tu, na huyo mmoja ni mimi. Ndipo Mwanvita akasema kwamba hata yeye ananisifu. Kasema kwa sauti ndogo, lakini kasema, mbele ya wakubwa. Niliona aibu ya kweli. Nikaogopa kumkosa kuliko ninavyoogopa kitu chochote.

Mzee kamtazama, kasema huyo hahesabiki, ana maslahi. Kisha akalegea. Niandike upya, kwa kanuni, na mimi nisiwemo hata nusu. Ikipita, nimepita.

Jumatano, 23 Julai

Tumeandika. Mwanvita kakaa pembeni, kila nikikaribia kujitaja ananifinya. Mkono umevimba. Ukurasa wa vitunguu umetumika, pamoja na mahojiano ambayo redio ilimfanyia Mama Theresia kuhusu kipindi. Makala ni fupi, kavu, ya kweli. Unaisoma huku unasinzia.

Imepita! Mzee Ahmadi kapiga simu mwenyewe. Posa imekubaliwa. Kaniomba jambo moja tu, nisiiguse tena makala ile. Nimeapa. Mwanvita kalia kwa furaha, nami nikalia, kisha nikapita mbele ya duka la Abdulswamad mara kadhaa bila sababu.

Alhamisi, 24 Julai

Makala inapwaya. Nimeisoma asubuhi, haina roho.

Nimeapa mimi, Luqmani. Binti wa Mgeta hajaapa. Ni akaunti yangu mpya. Binti kaongeza sentensi moja kuhusu mtu wa kabichi. Haya, tatu. Nani atajua?

Karafuu Kavu kazifuta zote kabla chai haijapoa. Kaacha ujumbe: "Binti wa Mgeta, msalimie Luqmani. Mwambie Jumapili aje Kinole, nina mazungumzo naye."

Nimeusoma ujumbe huo mara mbili. Mhariri mzima kanitaja kwa jina! Kwa maandishi, hadharani, bila kulipwa wala kuombwa. Tena si ndugu yangu, maana ndoa bado.

Chanzo huru ndicho hicho. Nazirudisha sentensi zangu sasa hivi, na yeye nimemweka chini kama rejeo.