Ncha ya Kulia, Upande wa Kichwa

Jumatatu, 1 Agosti 1955

Baridi. Ukungu umelala kwenye migomba, mlima hauonekani. Mama kakohoa usiku kucha. Kutoka nje niende kazini kwenye ghala la kahawa, namkuta jirani yetu Sumari uani kwetu na panga. Hakuitwa! Anachonga miti mipya ya machela. Ya zamani imeliwa na mchwa, anasema, na kikohozi cha wazee hakina miadi. Kisha, Mama akiwa anasikia: "Wewe Karani usihangaike. Utashika kikapu, kama siku ile."

Siku ile! Kwetu machela hubebwa na wanaume wanne, na ncha ya kulia, upande wa kichwa, ni ya mwenye mgonjwa. Mwezi wa tatu tulipomteremsha mke wangu Tabea kwenda barabara kuu, ncha ile ilikuwa yangu. Niliishika hadi mlango wa ua. Magoti yakakataa. Sumari akaichukua kwa bega moja, nami nikapewa kikapu: kanga, sabuni, kikombe cha bati. Nikafuata nyuma. Mkono wa Tabea ulining'inia upande wa Sumari. Lori lilipofika, Tabea hakulihitaji tena.

Kikombe kile kina pengo ukingoni. Kila aliponipa chai alikigeuza kwanza, pengo likae upande wake.

Nimeamua. Nitakuwa na nguvu. Mama ataondoka hapa begani pangu! Nimemwambia. Akajibu kwamba hana safari.

Jumatano, 3 Agosti

Nimemdanganya msimamizi wa ghala kwamba jino linauma. Nikapanda basi hadi Sakina, nje ya mji, na mkungu wa ndizi. Huko yuko Reginald, Mchaga, fundi baiskeli, aliyepigana Burma. Ana shingo kama kisiki. Nilimweleza haja yangu kwa sauti ndogo, kwa sababu dereva wa lori alikuwa karibu. Reginald akanishika mkono juu ya kiwiko, akaupapasa, akauliza nimetoka hospitali lini.

Akaniamuru nilale kifudifudi nijiinue kwa mikono. Nikainuka mara moja. Kushuka kulikuwa kwepesi zaidi. Kisha nichuchumae na baiskeli begani. Nikachuchumaa. Walinivuta watu wawili, mmoja wao yule dereva.

Shauri lake: nianze na jiwe dogo kama kichwa cha mtoto, nipumzike siku, niongeze polepole, mwakani nitakuwa mtu. Mwakani! Polepole ni ya mtu ambaye mama yake hakohoi. Nikamshukuru sana. Sitafanya hivyo.

Jumapili, 7 Agosti

Nimezidisha mazoezi, siwezi kuchana nywele. Mikono haipandi. Kanisani tuliposimama kwa wimbo wa pili, mimi sikusimama. Miguu haikunijibu. Kina mama wakadhani ni majonzi. Mmoja akaanza kulia kwa ajili yangu. Ni aibu kulilia mapaja. Lakini kiti cha Tabea kilikuwa kitupu kule upande wa wanawake, kwa hiyo pengine walikuwa na haki.

Sumari, aliyekuwa nyuma yangu, akanishika makwapani akanisimamisha kama gunia lililolala. Aliendelea kuimba huku akinishikilia. Sauti yake mbaya! Mchana akaleta maziwa. Nimeyanywa yote. Sikumsamehe.

Jumatano, 10 Agosti

Mpango mkubwa! Mizani yetu ya kahawa ina mawe ya chuma, na kubwa kuliko yote lina kipini juu, kana kwamba liliumbwa kwa mazoezi. Manunuzi ni Jumatatu. Nani atalihitaji kabla? Nimelitoa jioni chini ya koti.

Koti likainama upande mmoja, nami pia. Na nani yuko njiani? Sumari. Kwa kawaida hunipungia tu mkono. Leo ameuliza habari za Mama, za mbuzi, za paa, za mgomba ulioanguka, za shangazi yangu wa Sekei, na za goti la huyo shangazi. Nikajibu zote, machozi yakinitoka. Mwishoni akauliza nimebeba nini. Nikasema Biblia. Akalitazama koti. "Hiyo ina Agano la Kale na Jipya," akasema, akaenda zake.

Nimelificha uvunguni, upande wa Tabea. Hapo zamani palikuwa na viatu vyake vya kanisani. Nilimpa mdogo wake. Nimebaki na kamba moja ya kiatu, sijui kwa nini.

Jumamosi, 13 Agosti

Siku ya tatu ya mazoezi ya alfajiri. Naliinua hadi gotini! Likishuka, nyumba nzima inasikia. Leo Mama ameuliza kutoka chumbani kwake kama nachimba kaburi humo ndani, na kama ni hivyo, ni la nani. Nikasema naua panya. Akauliza kwa nyundo? Akakohoa, au akacheka. Siku hizi siwezi kutofautisha.

Nimejitazama kwenye kioo. Bega la kulia limevimba. Ni nguvu hiyo, au jipu.

Jumatatu, 15 Agosti

(Nimeandika baadaye, nikiwa chali.)

Nimelala hadi jua! Nikakimbia ghalani mikono mitupu. Wakulima wamejaa hadi nje, Sumari wa kwanza, magunia yake matatu miguuni. Msimamizi anapekua kila pembe. Jiwe kubwa limeibiwa! Anataka kumwita askari. Macho yake yakatua kwa Sumari, kwa kuwa juzi alilalamika kwamba mizani inawapunja. Sumari akanitazama mimi. Macho yake yakashuka kwenye koti langu. Alijua! Hakunitaja.

Nikasema nakwenda haja. Nikapanda mlima mbio, nikalitoa jiwe uvunguni, nikatoka. Lakini mkononi lingenichelewesha. Nikakumbuka machela: bega! Nikalirusha kwenye bega la kulia, kwa mkupuo mmoja.

Na likafika. Naliandika hilo hapa ili lijulikane. Jiwe lilifika begani!

Halafu kitu kikalia mgongoni, kama kuni kavu.

Nikaanguka katikati ya migomba, jiwe kando yangu. Mama akatoka. Hakupiga yowe. Aliliangalia jiwe, akaniangalia mimi, akasema, "Panya huyo ni mkubwa." Kisha akaenda mwenyewe ghalani kuita watu. Kwa miguu! Mwanamke ambaye tumemchongea machela!

Wakaacha magunia wakaja. Machela mpya, miti mipya. Wanaume watatu walishika ncha zao. Ya nne ikabaki. Mama akasema mwenye mgonjwa ni yeye, na hawezi, basi Sumari aishike. Sumari akainama chini yake.

Mama akafuata na kikapu kichwani. Ndani: shuka, kikombe cha bati, na jiwe la mizani. Tulipopita ghalani alilishusha, akamwambia msimamizi kwamba ni yeye aliyeagiza liletwe kukandamizia kifuniko cha pipa la ndizi, na kama ana neno amwambie yeye. Msimamizi akasema shikamoo.

Kutoka pale hadi barabarani Mama hakukohoa hata mara moja. Mkono wangu ulining'inia upande wa Sumari. Niliuvuta ndani.

Jumamosi, 20 Agosti

Hospitali, Arusha mjini. Daktari amesema hadi Krismasi nisiinue kitu kizito kuliko kijiko. Mama amekuja na mtori wa ndizi, akarudi nyumbani kuangalia mbuzi.

Sumari amekuja pia. Akaketi ukingoni mwa kitanda, kofia magotini. Kisha akasema kuna jambo hakuwahi kuniambia. Siku ile, kabla ya daraja, Tabea alimwuliza niko wapi. Akamjibu niko nyuma na kikapu. Tabea akasema, "Basi vizuri. Hatakisahau kikombe." Akafumba macho. Hakusema kitu tena.

Sumari akafuta uso kwa kofia. Mimi nikageukia ukutani, kadiri mgongo ulivyoruhusu.

Alipoondoka nililia hadi mgonjwa wa kitanda cha pili akaniuliza kama aite mtu. Kikombe kiko hapa mezani. Nimekigeuza, pengo likae upande wangu.

Kisha nikafikiri vizuri. Kwa nini aniambie leo? Ni wazi! Anataka niridhike na kikapu, ncha ibaki yake maisha yote. Mjanja sana! Na Jumatatu nilimsikia akihema kwenye mteremko. Alibadilisha bega. Anachoka yule.

Mlango wa wodi umezuiwa usijifunge kwa tofali zima, la kuchoma, zito hasa. Muuguzi huondoka wakati wa chai. Kesho naanza.