Habari za Vitone Viwili Vilivyokataa Kutangulia

Enyi mlioketi na mlio wima, mwenye kiti na asogeze kiti, mwenye sufuria jikoni na apunguze moto, maana habari ninayoileta haisikilizwi na mtu aliyeweka mguu mmoja nje. Wengine wamesimulia majeshi yaliyokutana uwandani na ngome zilizoanguka. Mimi nasimulia vita vya Chumba Namba Kumi na Saba, ghorofa ya pili, ambako dada yangu, Jemadari wa Vitone, mwenye miwani iliyofungwa mkono mmoja kwa selotepu, alipigana na mlango usiokuwapo, akaushinda.

Fahamuni kwanza silaha yake. Dada yangu alikuwa mtafiti chuoni, na kazi yake ilikuwa kuigiza ndani ya kompyuta mambo ambayo huwezi kuyajaribu kwa watu halisi bila kukamatwa. Alijenga ukumbi ndani ya kioo, akautia kuta, viti na mlango mmoja. Akaumba watu mia nne, kila mmoja kitone cha kijani kisichomzidi chawa kwa ukubwa. Kisha akautia ukumbi moto. Vitone vilikimbilia mlangoni, naye akahesabu vimechukua muda gani kutoka. Kompyuta haikutoa jibu lolote mpaka kitone cha mwisho kiwe nje. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria. Miaka minne aliwaunguzia ukumbi watu wale tangu asubuhi, na jioni akarudi nyumbani akala vizuri kabisa.

Mwezi mmoja kabla ya vita, profesa wake, mzee mwenye sauti ya kufungua ghala, aliinama mbele ya kioo akatazama vitone vinavyokanyagana.

"Binti," akasema, "hawa ni watu au mbuzi? Mtu ana adabu hata akiogopa. Watie adabu."

Naye akawatia. Aliandika kanuni moja fupi: ukifika mlangoni sawasawa na mwenzako, rudi nyuma umpishe. Akaijaribu kwa watu hamsini, wakatoka kwa mpangilio mzuri, hakuna bega lililogusana na bega. Profesa akafurahi. Na hapo ndipo adui alipoingia ngomeni, tena kwa kukaribishwa.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi. Saa nane mchana wazee wanne wa jopo wangeketi kusikiliza matokeo ya watu mia nne. Profesa alikuwa amesema wazi kwamba jedwali likiwa na pengo, arudi mwaka ujao. Alilitamka hilo la mwaka ujao kama mtu anayekuonyesha chumba cha pili. Hatukujua, wala yeye hakujua, kwamba chumba hicho hakikuwapo: dada yangu hakuuona mwaka ule.

Mimi niliingia vitani saa sita na nusu, ngao yangu ikiwa hotpoti. Mimi ni fundi wa mafriji, na siku hiyo friji ya bucha ilikuwa inaningoja na nyama yake, lakini Mama alipiga simu. "Mpelekee dada yako chakula," alisema. "Na usimwache mpaka ale mbele ya macho yako. Yule mwongo."

Nikamkuta ameshika kichwa kwa mikono miwili. Kompyuta ilikuwa inanguruma feni kama farasi aliyekimbizwa kutwa. Ndani ya kioo ukumbi ulikuwa mtupu, ila mlangoni vilisimama vitone viwili. Kimoja kilirudi nyuma kidogo, na kingine kikarudi nyuma kidogo. Vyote viwili vikasogea mbele. Vyote viwili vikarudi.

"Wana nini hawa?"

"Wanapishana," akasema bila kugeuka. "Tangu saa mbili asubuhi. Tangulia wewe. Hapana, tangulia wewe. Mia tatu tisini na wanane wako nje wanapunga upepo, hawa wawili wanaungua kwa heshima."

"Si uwafute tu?"

Hapo aligeuka, akaivua miwani, na nikajua hotuba inakuja, maana hata utotoni hakugombana akiwa na miwani usoni.

"Niwafute? Mdogo wangu, nimewaambia wazee wale watu mia nne. Nikifuta wawili leo ili hesabu ikae vizuri, kesho nitafuta kumi, na keshokutwa nitakuambia ukumbi wowote ni salama kwa sababu walioungua sikuwahesabu! Watu hawa watatoka kwa miguu yao wenyewe, ama sivyo nitabaki nao humo ndani!"

"Sawa. Kula kwanza."

"Sili."

"Nitamwambia Mama."

"Mwambie. Na ukimaliza, njoo usimame hapa mlangoni. Wewe ni kitone namba mia mbili na kumi na mbili."

"Na wewe?"

"Mia tatu sabini na saba."

"Kwa nini wewe ndiye namba kubwa?"

"Kwa sababu mimi ndiye mkubwa. Rudi nyuma hatua tatu. Ukumbi unaungua."

Basi mimi, mtu mzima mwenye bisibisi mfukoni, nikarudi hatua tatu, tukaujia mlango wa Chumba Namba Kumi na Saba bega kwa bega. Nikampisha. Akanipisha. Tukasogea, tukarudi. Nilimpisha kwa kuinama, naye akanipisha kwa mkono kama mwenye hoteli, na safari ya nne tulikuwa tumeanza kucheka kiasi kwamba kama moto ungekuwa wa kweli, ungetukuta tumeshikilia mbavu.

Ndipo alipotokea kwenye ujia yule ambaye historia haikumtarajia, katibu wa idara, anayeitwa Mama Mihuri na chuo kizima, amebeba karatasi zinazofika kidevuni. Alitutazama tunapishana mara moja. Akatutazama mara ya pili.

"Nyie mmeota mizizi?" akasema, akapita katikati yetu kwa kiwiko. Karatasi akazitua juu ya meza, akatoka vilevile, kwa kiwiko kilekile.

Dada yangu akabaki ameshika ukingo wa mlango.

"Mama Mihuri!" akaita. "Samahani, mama yangu. Kwa nini hukungoja tukupishe?"

"Nilingoja."

"Ulingoja kiasi gani?"

"Mpaka nikachoka," akajibu kule mbele. "Wewe huchokagi?"

Sikieni, enyi watu! Vitabu vimejaa rafu za chumba kile mpaka darini, na hakuna hata kimoja kilichokuwa kimemwambia neno hilo. Dada yangu alirudi kwenye kiti bila kugusa sakafu. Vitone vyake vilikuwa na macho, miguu, hofu na adabu, lakini hakuwahi kuvipa uchovu. Aliandika mistari mitatu: kila mtu ana subira ya sekunde tatu, ikimwishia anapita. Akaanzisha moto upya. Moto mmoja ulichukua robo saa, na robo saa hiyo, kwa kuwa hakuwa na la kufanya, alikula vijiko saba. Nilimhesabia Mama.

Saa saba na dakika ishirini, mia tatu tisini na wanane walikuwa nje. Mlangoni walikuwapo wale wawili. Wakapishana. Sekunde tatu zikapita, wote wawili wakachoka kwa pamoja, wakajitupa mlangoni kwa pamoja, wakakwama mabega. Wakarudi nyuma. Wakapishana.

Dada yangu alivua miwani, lakini safari hii hakuwa na hotuba. Alisema tu, taratibu, "Nimechoka pia, mdogo wangu," kisha akatazama saa ya ukutani, na mimi nikatazama viatu vyangu.

Nikasema, kwa kutafuta tu la kusema, "Umewapa subira sawa."

"Ndiyo. Ni haki."

"Haki gani? Mimi na wewe tumezaliwa tumbo moja, una subira yangu wewe? Wewe ukiambiwa chai inachemka unakwenda kuifokea."

Alinikodolea macho. Kisha akanipiga begani, kipigo cha maana, na kuinamia kibao. Alifuta zile sekunde tatu, akaiambia kompyuta impigie kila mtu kura: wa kwanza sekunde moja, mwingine tano, mwingine mbili na nusu, bila kuonewa na bila kufanana. Saa saba na dakika ishirini na sita ukumbi ukawaka kwa mara ya mwisho.

Wakatoka mia. Wakatoka mia tatu. Feni ikanguruma, kioo kikapata joto, na sisi wawili tuliinama mpaka pumzi zetu zikakitia ukungu, akawa anakipangusa kwa mkono wa blauzi. Mlangoni wakabaki mia mbili na kumi na mbili na mia tatu sabini na saba. Wakapishana mara moja. Wakapishana mara ya pili.

"Mmoja wenu awe mtovu wa adabu," dada yangu aliwasihi. "Mara moja tu. Sitamwambia mtu."

Na mia tatu sabini na saba akachoka. Akapita mlangoni peke yake, bila kugeuka. Nyuma yake, katika nafasi iliyobaki wazi, mia mbili na kumi na mbili akatoka pole pole kama mtu anayeaga. Dada yangu alipiga ukelele ambao Mama Mihuri aliukaripia kutoka mwisho wa ujia.

Saa nane jopo likaketi. Niliruhusiwa kusimama nyuma, na bucha lilingoja. Mzee mmoja aliyekuwa ameyasoma majedwali yote kwa kidole akauliza, "Hawa wawili wa mwisho, ni kwa nini wamechelewa vile?"

"Ni waungwana, mzee," akajibu. "Ilibidi niwasaidie wakose subira."

Yule mzee alicheka mpaka akakohoa, akageuza ukurasa.

Basi na ifahamike kwa walio karibu na walio mbali, na watakaouliza alikuwa nani. Siku ya Alhamisi, saa saba na dakika arobaini na moja mchana, Jemadari wa Vitone aliwatoa watu mia nne katika ukumbi unaoungua, kwa mlango mmoja, kwa dakika tano na sekunde kumi na tisa za saa yao. Alihesabu mara mbili. Hakuna aliyebaki ndani.