Jino la Kamongo

Jumatatu, 4 Agosti
Nina pengo. La mbele, katikati kabisa! Nilifungua soda kwa meno mbele ya Hyasinta, ili aone mwanaume. Kizibo kikabaki, jino likaondoka. Mwalimu mwenzangu Paschal, ambaye naye anamtaka Hyasinta, akatoa kifungulio mfukoni, akafungua, akampa. Hakunicheka hata. Kaniumiza zaidi.
Jumamosi Hyasinta ananipeleka Butiama kunitambulisha kwa mama yake. Paschal kasema Jumamosi yeye ana nafasi, ikitokea dharura.

Jumanne, 5 Agosti
Nafundisha baiolojia, jamani! Nilisahauje? Samaki wengi huota meno maisha yao yote. Moja likidondoka, jingine limeshaanza chini yake au pembeni. Sisi binadamu tumepewa awamu mbili tu, ya utoto na ya ukubwa, basi. Uonevu!
Lakini furu, visamaki vya ziwa letu, wananipa moyo. Wana meno mengine kooni, na wapo ambao wakikua kwa kula konokono, meno hayo hunenepa. Yaani chakula kinaliamuru jino! Nimekwenda sokoni, nimechungulia koo la furu mpaka wateja wakaanza kunung'unika. Nyamburi, muuza samaki, kanikemea: "Mwalimu, sisi furu tunakulaga. Wewe unawatibu?"

Jumatano, 6 Agosti
Nimetafuna konokono wa ziwani na gamba lake, ili fizi ipate ujumbe. Ujumbe umefika kwa jino la jirani. Limemeguka.
Dada yangu Jenipher, ninayeishi kwake hapa Kamunyonge, kaniambia niende kwa daktari wa meno. Kanikumbusha pia kwamba furu huanza mazoezi akiwa mtoto, na mimi nina mvi. Sikupenda sauti yake.

Alhamisi, 7 Agosti
Mpango mpya. Kamongo! Huyu habadilishi meno kama samaki wengine. Ana mabamba magumu yaliyoshikana na taya, yanaongezeka kadiri anavyokua. Nipate kipande, nikichonge, nikibandike. Rahisi!
Nyamburi kauliza kama nataka kichwa tu au kamongo mzima. Nikajibu mzima, mwanasayansi hachukui vipande. Sikujua kumbe mzima kwake ni aliye hai. Nikafungua kinywa cha kamongo kwa kidole.
Zahanati, muuguzi kauliza nimeumwa na nini. Nimesema kitoweo.

Ijumaa, 8 Agosti
Kamongo kawa mchuzi. Jino limepatikana: la kahawia, kubwa kidogo. Jenipher kasema linafanana na kwato ya mbuzi. Nimelibandika kwa gundi. Nilipotabasamu mbele ya kioo niliogopa. Baadaye nikazoea.

Jumamosi, 9 Agosti
Butiama. Njia nzima nimejibu kwa kichwa. Hyasinta akadhani nina adabu.
Mama yake, Mama Sabina, kaleta ugali wa mtama na bakuli la mchuzi. Tonge la kwanza, salama. La pili, jino limeanguka kwenye mchuzi. Mama Sabina kaliopoa kwa kijiko, kaligeuza, kaniangalia. Hyasinta kafunika uso. Nikaona harusi inaondoka, na Paschal ameshika kifungulio.
Nikasema yote. Konokono, kamongo, kidole. Mama Sabina alicheka mpaka machozi, na ndipo nikaona: mdomo mzima una meno mawili!
"Mwanangu," kaniambia, "mimi nakulaga na haya mawili miaka yote. Wewe moja tu ndio likutoe akili?"
Kisha kamwambia Hyasinta kwamba mtu aliyekubali kung'atwa ili aje kwake, arudi tena. Hyasinta kanishika mkono, ule usio na bandeji. Nimelia kidogo. Nimesingizia pilipili.

Jumapili, 10 Agosti
Hyasinta kanipatia daktari wa meno Bunda, kesho asubuhi. Kaniomba kitu kimoja tu: niachane na samaki. Nimeapa kwa moyo wote.
Maana kosa lilikuwa samaki! Meno yao mengi hayakai kwenye vishimo vya taya kama yetu. Mamba je? La mamba limekaa kwenye kishimo kama langu, na bado hubadilishwa tena na tena!
Nimempigia simu Mama Sabina, nimemwahidi seti kamili. Kafurahi sana. Daktari atasubiri. Kesho alfajiri naenda Mto Mara, nikatazame kwa karibu.