Vita vya Tomaso na Waya wa Plagi Njiani Gitting

Enyi wa vijiji vya Masakta na Getanuwas, nanyi madereva mnaotamba na trekta za mashamba ya ngano ya serikali, zimeni injini mfunge na midomo! Nawasimulia habari za Tomaso, simba wa nyanda za Hanang, bwana wa pikipiki aliyoikuta duniani alipozaliwa.

Asubuhi moja alimpakia mjomba wake, Mzee Bura, mshenga wa ukoo, waende Gitting kumposa Perpetua. Baba wa binti alikuwa amekwisha kutamka: saa sita ikipita hawajafika, atawasikiliza washenga wa mposaji mwingine. Basi bondeni, ukungu ukiwa mzito kama uji, pikipiki ikakohoa, ikanyamaza.

"Ewe chuma!" Tomaso akanguruma, akipiga kiki mpaka jasho likamtoka. "Wataka kuniaibisha mbele ya wakwe?"

"Mpwa wangu, kemea taratibu," Mzee Bura akanena, wala hakushuka. "Nayo ina umri wa kuamkiwa shikamoo."

Sasa sikieni kosa la shujaa. Siku za nyuma waya wa plagi ulipolegea, aliufunga kwa ukanda wa ngozi mbichi ya ng'ombe, kama sisi sote tufungavyo mpini wa jembe na mguu wa kigoda. Ngozi ikikauka hubana kweli. Lakini ukungu uliilowesha, na umeme ukaiacha plagi ukatorokea ngozini. Tomaso akaushika ukanda huku akipiga kiki. Lo! Akatupwa chali katika ngano.

"Makubwa haya!" mzee akacheka hadi machozi. "Ng'ombe tumemla Krismasi, leo ndiyo anakupiga teke!"

Hapo ndipo akili ilipomrudia. Akaung'oa ukanda, akakata ncha ya waya iliyooza hadi shaba ikang'aa, akaikaza ndani ya kofia ya plagi, akaikausha kwa shuka la mzee aliyepinga kwa hotuba ndefu, akaizungushia kipande cha tyubu. Akapiga kiki. Injini ikaunguruma, kwale wakatimka!

Lakini walifika saa sita imepita, na washenga wa yule mwingine wameshakaa. Tomaso alitamani kulia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mmechelewa," mkwe akajibu. "Ila huyu binti, tangu mlio wa pikipiki yenu ulipokatika kule bondeni, amegoma kuwapikia wageni hawa chai. Sasa hivi kasikia mnapanda, kakimbilia kuwasha moto."

Na iandikwe basi katika kumbukumbu za Hanang: siku ile waya wa Tomaso ulipokaa sawasawa, chai ilichemka Gitting.