Mistari Myeusi Siitaki

Jumatatu, 4 Agosti

Mkwe, toa pua yako humu! Daftari hili nililiweka chini ya godoro, sikuliweka mezani, na hakuna kitanda kinachohitaji kutandikwa mara tatu kwa siku. Nimekuona. Lifunge, lirudishe, nenda kaone haya jikoni.

Sasa yangu. Diski imefika! Kitindamimba wangu ameituma kwa basi, imefungwa gazeti, juu ya gazeti soksi. Ni arusi yake ya miaka tisa iliyopita. Ndani yumo Mzee wangu, mzima, amesimama na koti lake la kijivu, anatoa shukrani. Miaka mitano sasa hatuko naye. Sauti yake imeanza kunitoka kichwani. Hilo sijamwambia mtu.

Kuna na shauri jingine. Wifi yangu, dada yake Mzee, anasema siku ile kaka yake alimshukuru yeye. Nasema alinishukuru mimi. Nilisikia kwa masikio yangu haya mawili! Tumebishana msibani, tumebishana sokoni, tumebishana kwenye foleni ya maji mpaka maji yakakatika. Diski ya kwanza ya arusi ile ingetuamua lakini iliharibika kabla hatujaitazama. Wifi anatangaza kila mahali kwamba niliisugua kwa stili waya, ile ya kusugulia sufuria. Nilisugua kidogo! Ilikuwa na alama za vidole. Mbona hasemi kwamba yeye aliiwekea kikombe cha chai?

Jumapili ukoo unakutana kumkumbuka Mzee. Utakutana hapa kwangu, utazame, uamue. Wifi anataka iwe kwake kwa sababu ana televisheni pana kama mlango wa benki.

Nimetia diski kwenye deki. Ikanguruma. Ikafikiri. Ikaandika kitu kwenye kioo, kwa Kiingereza. Mkwe akanisomea: haiwezi kusoma diski hii. Haiwezi! Deki niliyoifuta vumbi kila Ijumaa kwa miaka kumi na miwili, niliyoishonea kitambaa! Hivi ndivyo inavyonilipa.

Jumanne, 5 Agosti

Nimekwenda kwa fundi. Mwanamke wa makamo, ana miwani iliyofungwa kwa uzi, kibanda kimejaa redio zilizopasuliwa matumbo. Nilimwambia deki yangu imeingiwa na kiburi.

Akaweka diski kwenye kompyuta yake, akatazama, akasema deki haina kosa. Eti diski ni bahasha tu, Bibi. Bahasha zote zinafanana. Kinachotofautiana ni barua iliyomo. Mpiga picha wa arusi ameandika kwa mwandiko mpya, wa kubanabana, ili mambo mengi yaingie mahali padogo. Deki yangu ni ya zamani, inajua miandiko michache ya siku zake. Huu haikufundishwa.

Haikufundishwa! Nikamwambia mimi niliishia darasa la tatu na sijawahi kumrudishia mtu barua. Nisichokiweza natafuta wa kunisomea. Akacheka, akasema ndivyo hasa itakavyokuwa. Niiache kwake siku mbili, kompyuta itaiandika upya kwa mwandiko ambao deki inaujua.

Siku mbili! Na huyu ndiye aliyemfungia wifi televisheni yake. Nani ajuaye wanaongea nini hawa wawili? Nimechukua diski yangu nikatoka bila kuaga.

Lakini sikutoka mikono mitupu. Wakati anaeleza, nilimwona akionyesha jina la ile picha kwenye kompyuta. Lina mkia: nukta, halafu herufi tatu nne. Akasema mkia ndio unaoonyesha mwandiko. Aha! Mkia! Kumbe shida yote ni mkia.

Jumatano, 6 Agosti

Mkwe ni karani, ofisini kwao kuna kompyuta. Asubuhi nilimwamuru afute mkia wa zamani, aandike mkia ule ambao deki yangu inaupenda, kisha anakili kwenye diski mpya. Akaanza kusema Mama, sidhani kama. Nikamwambia sikumwita adhani.

Amerudi jioni na diski mpya inang'aa. Mkia umebadilishwa. Nimeitia. Safari hii deki haikunguruma wala kufikiri. Imekataa papo hapo, kama mtu aliyetukaniwa mama yake.

Mkwe akasema, kwa sauti ya mtu anayeuma ulimi asicheke, kwamba njiani alikutana na fundi. Fundi amesema kuandika jina jingine juu ya bahasha hakubadilishi barua. Kwa hiyo mkwe amenitangaza! Amesimama barabarani, na mkoba wa ofisi begani, ananitangaza! Nilimwambia chumvi ilizidi kwenye mchuzi. Haikuzidi. Lakini alihitaji kuambiwa kitu.

Alhamisi, 7 Agosti

Leo nimetumia akili. Deki ya wifi ni mpya. Kama yangu haikusoma shule, yake labda imesoma. Nikatia diski ya kitindamimba kwenye pochi, chini ya leso na dawa za presha, nikaenda kumjulia hali. Mpango: aende kupika chai, mimi nitazame peke yangu, nijue la kujua, niirudishe pochini, ninywe chai. Wifi akipika chai unaweza kulala ukaota.

Akaenda. Nikaitia. Ikameza! Nikakaa kitini, mikono magotini, kama mtu wa heshima.

Kioo cheusi. Kiza kitupu! Halafu sauti ikafumuka, kubwa, madirisha yakatetemeka. Vigelegele. Kipaza sauti kinalia kwi-kwi. Na Mzee. Mzee wangu, anakohoa kwanza kama alivyokuwa akikohoa, anasema:

"Kabla sijakaa, namshukuru yule pale. Bila yeye nisingekuwa mtu. Hebu mwangalieni! Hata hanisikii!"

Halafu watu wakacheka, kicheko kikubwa, cha muda mrefu.

Nilikuwa bado nimeshika leso mdomoni, wifi akatokea na kijiko cha majani ya chai mkononi. Amepauka.

"Wewe! Hiyo si sauti ya kaka yangu?"

"Ya mume wangu," nikasema.

Akakaa. Hakuniuliza nimefanya nini na deki yake. Tulisikiliza tena. Na tena. Chai ikafurika jikoni hakuna aliyeinuka. Mara ya tatu akajifuta macho, akaharibu kila kitu.

"Umesikia mwenyewe? Yule pale. Ni mimi."

"Wewe pale wapi? Pale ni mimi!"

"Wifi, amesema hata hanisikii. Wewe si ulisema ulimsikia kwa masikio yako? Basi si wewe."

"Na wewe je? Miaka tisa unasema ulimsikia!"

Hapo wote wawili tukakumbuka chai iliyofurika, tukaikimbilia jikoni. 

Nimeondoka na diski yangu. Mlangoni akaniambia, wifi yangu, Jumapili njooni hapa, huko kwako mtamtazama babu wa watu kwenye kisanduku cha sabuni. Kisanduku cha sabuni! Televisheni aliyoinunua Mzee mwenyewe, akaibeba kichwani ngazi zote zile!

Lazima kidole kionekane. Alimnyooshea nani?

Ijumaa, 8 Agosti

Nimerudi kwa fundi. Sikuomba radhi, nilimpelekea ndizi. Anaelewa.

Nikamuuliza mbona kwa wifi nimesikia na sikuona. Akasema ndani ya bahasha moja kuna barua mbili, ya picha na ya sauti, kila moja ina mwandiko wake. Deki ya wifi ilijua mwandiko wa sauti, wa picha haikuujua. Nikamwomba arudie. Akarudia. Nikamwomba arudie mara ya tatu, hii ilikuwa raha tu. Kwa hiyo ya wifi nayo ni mbumbumbu! Na kwa bei ile! Nimetembea kurudi nyumbani kama mtu aliyepunguziwa miaka.

Nimemwachia diski. Ataandika zote mbili upya, ailete Jumapili mwenyewe.

Kabla sijatoka akaniuliza televisheni yangu ina umbo gani. Nikamwonyesha kwa mikono: ya mraba, ya heshima. Akasema picha ya arusi ni pana, kwa hiyo kwangu itakaa katikati, na mistari myeusi juu na chini. Nikamwambia mistari myeusi siitaki. Nina kioo kizima, nitazame nusu? Wifi atasema televisheni yangu imevaa sanda! Akasema naweza kubonyeza rimoti picha ijae kioo, ila pande zitakatika, kushoto na kulia.

Zikatike! Pande zina nini? Viti na watoto wa majirani. Mzee alikuwa akisimama katikati siku zote.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimefua mapazia. Nimepanga viti. Cha wifi nimekiweka nyuma ya nguzo. Mkwe amekisogeza mbele. Nimekirudisha. Mkwe amekisogeza tena. Nimekirudisha nyuma ya nguzo, nimekikalia.

Jumapili, 10 Agosti

Siwezi kuandika vizuri. Nitaandika.

Walijaa mpaka barazani. Wifi akaja amevaa kama yeye ndiye bibi arusi. Fundi akatia diski. Deki yangu, ile isiyosoma shule, ikaisoma bila kusita! Nikamtazama wifi. Alikuwa anatazama dari.

Picha ikatokea, na mistari myeusi juu na chini. Nikapaza sauti: ijaze! Fundi akasema lakini Bibi. Nikasema ijaze. Akabonyeza, kioo kikajaa, Mzee akawa mkubwa kama yuko chumbani.  Mkwe akanishika bega, nikamwacha.

Mzee akakohoa. Kabla sijakaa, namshukuru yule pale. Akainua mkono. Akanyoosha kidole. Kidole kikaenda kulia, kikaenda, kikafika ukingoni mwa kioo, kikakatika!

 Halafu kelele za watu wote pamoja. Wifi alisimama, akaenda kuchungulia ubavuni mwa televisheni kana kwamba mtu amejificha nyuma yake. Akasema nimefanya makusudi. Mimi! Akasema kwake kidole kingekuwa kizima. Nikamwambia kwake hata mkono usingekuwapo, kungekuwa kiza na kikohozi. Shemeji zangu wakaanza kupanga nani anasimama na nani. Mkwe ndiye aliyepiga kelele, sikujua ana sauti vile: "Mama, mistari! Rudisha mistari myeusi!"

Nilikataa. Nilikataa mara mbili. Kisha nikawaza nitalala nikijiuliza mpaka lini. Nikamwambia fundi, haya, irudishe, upesi, kabla sijabadili mawazo.

Mistari ikarudi. Mzee akapungua. Na pande zikafunguka.

Akanyoosha kidole. Tulikifuata wote. Na kule mwisho, ukingoni kabisa, tulikuwapo. Mimi na wifi. Wote wawili, na migongo yetu kwa Mzee. Tumeshika kiti kimoja. Kile cha mstari wa mbele. Mimi nimeshika mgongo wa kiti, yeye ameshika miguu, tunavutana, midomo inakwenda kama cherehani. Hata hanisikii, akasema Mzee, na watu wote wakageuka kututazama wakacheka. Na sisi hatukugeuka. Sisi tulikuwa na kiti.

Watu wa Jumapili hii nao wakacheka, kicheko kilekile. Sikuwafukuza.

Kwa sababu nilikuwa namtazama yeye. Zamani nilijua kwamba alitoa shukrani. Sikujua alivyocheka. Alicheka mpaka akatoa leso, akajifuta macho, akaendelea kutuangalia vile alivyokuwa akiniangalia nikigombana na wauza mkaa. Dakika nzima. Na mimi nilikuwa pale pale, hatua kumi, nimempa mgongo.

Nikasema irudiwe. Ikarudiwa. Wageni wakala, wakaaga. Wifi hakuondoka. Alitoka nyuma ya nguzo akaja kukaa kwangu, kochi moja, tukatazama mara saba. Mara ya nne akanishika mkono. Una baridi, mkono wake, siku zote ulikuwa na baridi. Mara ya sita akasema polepole, wifi, tulikosa kumsikia. Nikasema, tulikosa.

Mara ya saba akasema lakini kidole kimeelekea kwenye miguu ya kiti.

Miguu! Nimemwambia ana macho ya kukodi. Kidole kimeelekea kwenye mgongo wa kiti, ambako mimi nilikuwa. Hata mlevi angeona! Ameondoka bila kumaliza chai.

Jumatatu, 11 Agosti

Sikulala, nilikuwa na mawazo. Mazuri.

Ile picha ni ndogo mno, ndiyo maana watu hawaoni haki yangu. Nilimwona fundi kwenye kompyuta yake akikuza kitu mpaka kikawa kama sinia. Basi akuze kidole. Akikuze mpaka kijae, kisha tupime kwa rula kutoka kwenye kucha kwenda kwa kila mtu. Na mpiga picha wa arusi alikuwa na msaidizi mwenye kamera ya pili, namkumbuka, alisimama juu ya ndoo. Lazima ana diski yake. Na diski hiyo ikija ikiwa chafu, nitaifuta mwenyewe, stili waya bado ninayo.

Wifi asijue lolote mpaka Jumapili ijayo.

Mkwe, najua unasoma. Usijifanye unatafuta shuka. Kesho kabla ya kazi, pitia kwa fundi umwambie akuze kidole, umpelekee na ndizi. Mchana mtafute mtu wa ndoo. Jioni rudi na rula, ile ndefu ya ofisini. Na sasa hivi, kabla hujafunga daftari, nenda sebuleni, chukua rimoti, ujaze kioo. Ile mistari myeusi siitaki.